Mwaka Niliopewa Nyumba Moja

Bi Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya swala, na mimi nikafika Mishomoroni Jumamosi asubuhi, kwa sababu Ijumaa nilikuwa zamu na sikupata wa kunishikia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Rukia, mkaza mwanawe, alinikumbatia mlangoni, akalia kidogo begani mwangu, kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio na kuniambia nipite uani, wenzangu wako huko. Wenzangu walikuwa wanawake wa mtaa, wamekaa mikekani wakichambua mchele na kumenya vitunguu vya pilau ya khitma. Nilisogezewa kibao cha kukalia, nikapewa kisu na beseni. Nimeingia na kutoka katika nyumba hii kwa miaka mingi sasa, na hata wale wasionijua jina hawaulizi tena Mgiriama huyu mwenye msalaba shingoni anatafuta nini uani kwa Bi Zuhura. Nilipoanza kumenya, macho yakiniwasha, nikajikuta nahesabu ni kina nani humu ndani wanakumbuka niliingiaje. Bi Zuhura mwenyewe hayupo. Mwanawe Swaleh yuko nje na wanaume. Tuliobaki ni mimi na Rukia.

Niliingia kwa sababu ya masomo. Nilikuwa nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka kumi nilipojiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa familia. Watu wengi hawaijui kazi hiyo, hata ndani ya hospitali, kwa hivyo acha nieleze. Muuguzi wa wodini hupokea mtu aliyekwisha kuugua. Muuguzi wa familia hukabidhiwa watu, wazima na wagonjwa, kuanzia mtoto wa wiki moja hadi bibi yake. Huwajua, huwapima, huyatibu yaliyo ndani ya uwezo wake, na hujifunza kutambua mapema lile linalomzidi ili alipeleke kwa daktari kabla halijaharibika. Ukiisoma karatasini inaonekana kazi nyepesi kuliko ya wodini. Nilidhani hivyo pia. Nilikuwa nimezalisha wanawake ambao siwezi kuwahesabu, nimeshona, nimetia damu, nimefunga macho ya waliokufa. Nilijiuliza ni nini nitakachofundishwa nyumbani kwa watu ambacho sikijui.

Tulisomea Kisauni, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi na ya mafuta ya kuichanganyia ilipanda ngazi pamoja nasi kila Jumamosi, na mwenzetu mmoja aliyetoka bara alizoea kusema kwamba tukifeli tutajitetea kuwa tulisoma tumelewa. Feni ilikuwa moja, na aliyewahi ndiye aliyekaa chini yake. Mwalimu wetu aliitwa Mwikali, Mkamba aliyekaa Pwani hadi akasahau kuharakisha maneno. Alifundisha huku akila viazi karai kutoka kwenye gazeti, akichovya kimoja kimoja kwenye ukwaju, na alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi mpaka amalize kutafuna, sisi tukingoja kalamu mkononi. Siku ya kwanza alitwambia kila mmoja atapewa nyumba moja, ambayo imekwisha kukubali kupitia kwa wahudumu wa afya wa mtaa, na ataifuata mwaka mzima. "Wodini," akasema, "mgonjwa amevua nguo zake, amevaa zenu, amelala kwenye kitanda chenu. Mkimwambia geuka, anageuka. Kule mnakokwenda ninyi ndio wageni. Kiti mtaonyeshwa." Akatafuna. "Na msipoonyeshwa, mtasimama." Mwenzangu wa bara alipata nyumba Mwakirunge karibu na machimbo ya mawe, mwingine Miritini. Mimi nikapata Mishomoroni, nyumba ya mjane, mwanawe dereva wa lori, na mke wa huyo mwana, mjamzito wa mimba ya kwanza.

Miezi ya mwanzo sikuwa na maendeleo yoyote ya kuandika. Nilikuwa nikifika na mkoba wangu, mashine ya presha ndani, maswali yangu yamepangwa, na Bi Zuhura ananiketisha sebuleni kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cha kufuma, ananiuliza hali yangu, hali ya watoto, hali ya wazee Kaloleni, mvua kama imenyesha huko, mahindi yamefikia wapi. Nikifungua mkoba anauliza, "Wapima watu na njaa?" Basi zinakuja mbaazi za nazi na mahamri, na birika la chai ya tangawizi, na hatupimani mpaka sahani irudi jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Sijapata kumsikia akiipandisha, wala sijapata kuona mtu katika nyumba ile akifanya jambo ambalo sauti ile haijalipitisha. Swaleh, mtu mzima mwenye ndevu, aliuliza kama avae shati la bluu au jeupe. Mimi niliyaona hayo, nikayacheka moyoni, na sikuyaandika popote, kwa kuwa sikudhani ni mambo ya afya.

Siku moja nilikuwa chooni, na ukuta wa choo kile umepakana na ua wa jirani. Nikamsikia jirani akiuliza, "Yule Mgiriama wa presha yuko?" Bi Zuhura akajibu kuwa niko. "Ati huuliza watu wamekwenda haja mara ngapi?" "Huuliza." "Na wewe ulimwambia?" "Nilimwambia akitaka hesabu hiyo aje akae mlangoni ahesabu mwenyewe." Wakacheka mpaka jirani akakohoa. Nilikaa mle ndani kwa muda kidogo ili nisitoke wakati wanacheka. Nilipotoka Bi Zuhura alinimiminia maji ya kunawa kwa kata, polepole, uso umetulia kabisa, akaniuliza kama nimehesabu. Nikamwambia, "Moja, mama." Hapo ndipo alipocheka mbele yangu kwa mara ya kwanza. Kuanzia siku hiyo aliniita kwa jina langu, Kadzo, akaacha kuniita sista.

Rukia alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, akarudi nyumbani kesho yake, na arobaini ikaanza. Kwa asiyejua, mzazi katika nyumba kama ile hatoki mpaka siku arobaini zitimie. Hukandwa kwa maji moto, hufungwa tumbo kwa leso, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, huvishwa soksi na kutiwa pamba masikioni ili upepo usimwingie. Sikuwa na ugomvi na hayo. Wodini nilikuwa nimeona wanawake wanaorudi kwenye jembe wiki ya kwanza, na nilijua thamani ya nyumba inayomwambia mzazi lala. Nilikuwa nikija, nachungulia kitovu cha mtoto, naangalia anavyonyonya, nampima Rukia, naandika, nakula.

Wiki ya pili nilifika baada ya alasiri nikamkuta Rukia amelala ameelekea ukutani, dirisha limefungwa. Akasema kichwa kinamuuma. Uso wake ulikuwa umevimba kuzunguka macho. Nikamfunga mashine mkononi, nikapima, nikangoja, nikapima mkono wa pili. Mia moja na sabini juu, mia moja na kumi na kitu chini. Nilijua hapo hapo. Watu huamini kwamba mtoto akishatoka hatari ya presha ya uzazi imetoka naye. Kwa wengi ni kweli, lakini kwa baadhi inaweza kuja baada ya kujifungua, siku kadhaa au hata wiki kadhaa, na mlango wake wa kuingilia ni maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa na macho yanayoona vitu visivyokuwapo. Kinachofuata ni degedege. Nimemwona mwanamke akifa nalo na ulimi wake katikati ya meno, na mtoto wake analia kitanda cha pili. Rukia alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Nikafanya ambacho mtu wa wodini angefanya. Nikamwambia Rukia, "Tunakwenda hospitali sasa hivi." Akanitazama kama niliyemwambia apande juu ya paa. Nikatoka ukumbini nikampigia simu Swaleh, nikamweleza kwa maneno mafupi. Nyuma yake nilisikia honi za malori. "Sista," akasema, "mimi niko Miritini kwenye foleni, mbele lori na nyuma lori. Mama yupo?" Nikasema yupo jikoni. "Mama asemaje?" Nikamwambia sijamuuliza, mke ni wake, mimi ndiye muuguzi, na hili si la kungoja. Akasema, "Mama akisema mwende, nendeni, nitakuja huko huko. Akisema la, mimi siwezi kusema ndiyo kwa simu." Nikampigia mara ya pili, nikamkaripia. Akanijibu yale yale, kwa adabu. Nilipogeuka, Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Kadzo," akasema. "Wapiga simu Miritini, na mimi niko hapa na mwiko mkononi."

Nikaanza kueleza nikiwa wima, haraka, kwa maneno ya hospitali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Kichwa cha mzazi ni upepo," akasema. "Mimi nimezaa sita, na kichwa kiliniuma mara zote sita. Ntamkanda, ntamtia pamba nyingine." Akarudi jikoni akaendelea kukoroga uji. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, na nilijua kwamba nikimvuta Rukia kwa nguvu hatavutika. Nikaingia jikoni. Hapakuwa na kiti. Nikachuchumaa kando ya jiko, chini ya mkono wake, mahali anapokaa mtoto anayesubiri kuonja.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sababu nilikumbuka kwamba siku hiyo nilipitiliza moja kwa moja chumbani bila kumwamkia.

Alikoroga mara kadhaa. "Marahaba."

Nikamwambia polepole. Nilimwambia maji ya mfereji yakija kwa nguvu kupita kiasi, mpira hupasuka pale ulipochakaa, na damu ya Rukia inakwenda kwa nguvu hiyo, na panapoweza kupasuka ni kichwani. Nilimwambia kuna vichwa vya upepo na kuna hiki, na kwamba vinafanana mwanzo, ndiyo maana hata wauguzi hukosea. "Ukiumwa wewe, mama, macho yako yaliona kitu? Vimulimuli, au kiza?"

Mwiko ukasimama. "La. Yeye yuwaona?"

"Muulize."

"Rukia!"

"Abee, mama." Sauti ilitoka chumbani kama ya mtu aliye mbali.

"Macho yako yaona nini?"

"Yaona cheche, mama. Tangu asubuhi."

"Mbona hukunambia?"

"Nilidhani ndio huo upepo."

Bi Zuhura aliepua sufuria. Akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Lakini arobaini bado," akasema, na sasa hakuwa akibishana, alikuwa akifikiri kwa sauti. Hapo nikauliza swali ambalo tangu hapo nimewafundisha wauguzi wengi vijana kuliuliza, na ninawaambia waliulize mapema kuliko nilivyoliuliza mimi. Sikumwambia mila si kitu. Nilisema, "Mama, zamani mzazi alipobidi atoke kabla ya siku zake, nyumba yaungua moto kwa mfano, mlikuwa mkimtoaje?"

Akanitazama kama anayeniona vizuri kwa mara ya kwanza. "Hutoka na chuma," akasema. "Hufukizwa udi, hufunikwa, na hushika chuma mkononi, asiguswe na kitu njiani. Na hatoki peke yake."

"Basi atoke hivyo."

Alifanya yote, na hakufanya upesi kama nilivyotaka, lakini hakupoteza muda pia. Udi ulikuwa tayari kwenye chetezo. Rukia alivishwa soksi za pili, leso mbili kichwani, baibui juu yake, na mkononi akatiwa kisu cha jikoni kilichoviringwa kwenye kitambaa cheupe. Bi Zuhura akambeba mtoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kuita tuktuk, na nilikaa nimemshika Rukia bega, nikimsemesha ili nijue yuko nami. Nikimuuliza jina la mtoto, anajibu. Nikimuuliza tena, anajibu kwa kuchelewa.

Kwenye lango la hospitali kulikuwa na askari na kile kifimbo cha kupitisha mwilini kinacholia kikikuta chuma. Kikalia. Askari alikuwa kijana wa bara, mpole, na alikuwa na amri zake. "Huyu mama ako na nini hapa?" Akafunua kitambaa. "Ai. Kisu? Hapana, mathe, hii haiingii. Weka hapo kwa meza, utachukua mkitoka."

"Ni kisu cha mzazi," Bi Zuhura akamwambia.

"Ata kama ni ya mzazi. Ni kisu."

"Mzazi haingii humo mikono mitupu, mwanangu. Humo mna maiti."

"Na hatuingizi kisu. Wakubwa wangu watanifuta."

Bi Zuhura akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba, kama ni hivyo, warudi nyumbani, na nilijua kwamba anasema kweli. Rukia alikuwa ameegemea nguzo ya lango, macho yamefumba, midomo imeanza kuwa myeupe. Nikamtazama askari, na sikumlaumu. Nikamtazama Bi Zuhura, na yeye pia sikumlaumu. Alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya njia kwa sharti moja, na sharti hilo lilikuwa limelazwa mezani kwa askari. Nikatia mkono mkobani nikatoa mkasi wangu wa kukatia bandeji.

"Hii je?" nikamuuliza askari.

"Sista, hiyo ni ya kazi?"

"Ya kazi."

"Ya kazi ingia nayo."

Nikamkabidhi Bi Zuhura. Aliupima uzito kiganjani, akaugonga kwa ukucha. "Ni chuma hiki, ama ni bati?"

"Chuma, mama. Wakata mpaka plasta ya mguu."

"Haya." Akautia mkononi mwa Rukia, akamfumba vidole. Kisha akamgeukia askari. "Na wewe usikatie kitunguu kwa kisu changu."

"Mimi ata sina kitunguu, mathe," askari akasema, na akatufungulia.

Tulimfikisha. Daktari wa zamu alisikiliza sentensi zangu mbili na hakuhitaji ya tatu, na Rukia alikuwa ameshachomwa sindano ya kuzuia degedege na kuanzishiwa dawa ya presha kabla Swaleh hajatokea na vumbi la Miritini kwenye ndevu. Degedege halikuja. Presha ilianza kushuka kesho yake, ikapanda kidogo, ikashuka tena, na siku ya nne akaacha kuona cheche. Mkasi wangu ulikaa chini ya mto wake siku zote hizo, na muuguzi wa wodi alipouliza ni wa nani nilimwambia ni wangu na nitauchukua mgonjwa akiruhusiwa. Nilimpelekea Bi Zuhura taarifa kila asubuhi kwenye benchi la nje, tarakimu ya juu na ya chini, na kila asubuhi alinitaka nimweleze tena ile ya chini maana yake nini, mpaka akaweza kumweleza mwanamke aliyekaa naye benchi. Jumamosi nilisimama chini ya feni nikawasimulia wenzangu. Nilitarajia Mwalimu Mwikali ataanza na mkasi. Aliuliza, "Zile simu mbili za Miritini zilichukua muda gani?" Nikasema kama nusu saa, pamoja na kukasirika. Akatafuna kiazi chake. "Nusu saa hiyo iandike kwenye ripoti. Hiyo ndiyo itakayomfaa atakayekuja nyuma yako." Niliiandika. Nilipasi mwaka ule kwa alama za wastani, na wastani ule umenilisha mpaka leo.

Nilikuwa nimefika hapo katika kumbukumbu zangu, na beseni limejaa nusu, nilipogundua kwamba mwanamke kijana aliyekaa mkabala nami anazungumza habari za Bi Zuhura. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, ameolewa mwaka juzi, na hatujapata kukutana. Alikuwa akimsimulia mwenzake kuhusu dada yake aliyezaa mwaka jana, akaumwa kichwa wiki ya kwanza, na wote nyumbani wakasema ni upepo. "Marehemu akaja mwenyewe na mkongojo wake," akasema. "Akamuuliza dada, macho yako yaona nini. Dada akasema yaona kiza chenye nyota. Wallahi hakungoja hata chai. Akasema mzazi akiona cheche hangojewi arobaini, hutiwa chuma mkononi akapelekwa hospitali siku ile ile. Dada alilazwa wiki nzima. Daktari akasema mngengoja kesho, mngemzika."

"Lo. Na kumbe hutolewa?" mwenzake akauliza.

"Hutolewa. Ni mila."

"Sijapata kuisikia mila hiyo," nikasema.

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hana kosa kwa kutojua. "Wewe huenda kwenu haiko, shangazi. Huku ni mila ya kale. Hata nyanya yake Bi Zuhura alikuwa akiifuata."

Rukia alikuwa akipita na birika, akigawa chai. Alisimama kati yetu. Yule msichana akamgeukia. "Si ni kweli, da Rukia? Ni ya kale?"

Rukia alinitazama. Binti yake, aliyekwisha kumfikia begani, alikuwa nyuma yake na sinia ya vikombe.

"Ya kale sana," Rukia akasema, akanimiminia chai.

Nikamshukuru, nikaokota kitunguu kingine.